Kabati la kurithi limegoma? Soma dalili kabla ya kuongeza rangi

Samani ya kurithi haiji peke yake. Inakuja na nta ya miaka, mafuta ya viganja, polishi iliyopulizwa na mtu ambaye hata hakumbuki, na pengine rangi tatu zilizolaliana. Wewe unaona kabati. Rangi yako mpya inakutana na hayo yote, na isipoelewana nayo inagoma: inabanduka, inatoa madoa, inanata, inafanya vishimo. Wengi wetu tukiona hivyo tunakimbilia kuongeza mkono mwingine wa rangi. Ni mara chache sana hiyo ikawa ndiyo dawa. Kasoro unayoiona juu karibu kila mara imeanzia tabaka la chini, kwa hiyo kazi ya kwanza ni kujua ni tabaka lipi.

Dalili nimezipanga kwa namna watu wanavyozilalamikia. Nenda moja kwa moja kwenye inayokusumbua, ila anza na vipimo hivi. Havichukui hata robo saa.

## Kwanza, jua kilichopo juu ya mbao

Tafuta mahali pa siri: chini ya kiti, nyuma ya mguu, ubavu wa ndani wa meza. Lowesha pamba kwa spiriti, ikandamize hapo kwa nusu dakika, kisha sugua. Vanishi ikilainika na kunata kwenye pamba, hiyo ni shelaki, vanishi ya utomvu wa wadudu. Isipolainika, rudia kando yake kwa thina ya laka. Ikilainika sasa, ni laka. Ikikataa vyote viwili, una vanishi ya mafuta au poliyurethani. Kama juu kuna rangi badala ya vanishi, spiriti peke yake inatosha: rangi ya maji italegea na kuchafua pamba, rangi ya mafuta itakaa kimya.

Halafu kwaruza kwa ukucha. Ukucha ukirudi na kitu laini cha kijivu, hiyo ni nta iliyochanganyika na uchafu, na hakuna rangi itakayoshika juu yake.

Faida ya kujua ni hii: rangi ya maji juu ya rangi ya mafuta inayong'aa haina pa kushika mpaka uisugue. Na rangi ya thina kali juu ya rangi ya mafuta ya zamani inaweza kuikunja yote kama utando wa maziwa yaliyopoa. Ukishaona mikunjo hiyo, hakuna cha kupaka tena. Ni kukwangua mpaka chini.

Jambo moja la usalama ambalo silipiti haraka. Samani ikiwa na rangi ya zamani sana, hasa tabaka nyingi, chukulia kuwa ina madini ya risasi mpaka uthibitishe vinginevyo. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumbani zenye risasi mwaka 1978, na nchi nyingine nyingi zilichelewa kuliko hapo. Rangi hiyo usiisugue ikavu. Lowesha, tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya vumbi laini, kusanya mabaki yote kwa kitambaa kibichi, na watoto na wajawazito wawe mbali na eneo lote. Kama rangi imekaa imara haibanduki, ni salama zaidi kuifunika kuliko kuichokoza.

## Rangi inabanduka kama ganda

Usilitupe hilo ganda. Ligeuze ulitazame upande wa chini, kwa sababu ndilo litakalokuambia kila kitu.

Upande wa chini ukiwa safi na unang'aa kama plastiki, rangi yako haikuwahi kushika. Ilikaa juu ya sehemu laini tu. Ama hukusugua kwa msasa, ama ulisugua kabla ya kuosha ukaisambaza nta kote. Kosa hili la pili ni la kawaida kuliko watu wanavyodhani. Msasa hauondoi nta. Unaipasha moto na kuisukumia kwenye mikwaruzo uliyoifanya wewe mwenyewe.

Ukikuta ganda limebeba vanishi ya kahawia, rangi yako ilishika vizuri, ila vanishi ya zamani ndiyo iliyoachia mbao. Hapo praima, yaani rangi ya msingi ya kushikisha, ya bei yoyote isingekuokoa. Lazima vanishi hiyo itoke.

Ganda likiwa na unga mweupe au wa kahawia, ulipaka juu ya vumbi la msasa. Likiwa na nyuzinyuzi za mbao, mbao ilikuwa na unyevu au imeanza kuoza, na swali linahama: maji yanatoka wapi?

Dawa kwa hali mbili za mwanzo ni ile ile, na mpangilio wake ndio wenye thamani. Kwangua rangi, na vanishi iliyoachia, mpaka pale inapokataa kutoka. Osha kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, suuza kwa kitambaa kibichi, acha ikauke. Futa tena kwa tapentaini, ukibadilisha kitambaa kila kinapochafuka, mpaka kitoke safi. Sasa ndipo msasa: namba 120 kama sehemu ni mbaya, kisha 180, ukifuata nyuzi za mbao. Hutafuti kufika kwenye mbao. Unatafuta kuua mng'ao tu. Futa vumbi, paka praima.

Kabla hujaendelea, jaribu. Praima ikishakaa siku nzima, chora msalaba mdogo kwa wembe mahali pa siri, bandika selotepu juu yake, ikandamize kwa kidole, kisha ing'oe kwa mkupuo mmoja. Ikitoka safi, endelea. Ikitoka na vipande vya praima, umejiokolea kazi ya wiki nzima.

Kama samani ni chipubodi iliyovikwa ngozi ya plastiki, yale makabati mepesi yenye uso laini usio na tundu hata moja la nyuzi, praima ya kawaida haitashika. Omba ile iliyotengenezwa kushika juu ya vigae, vioo na plastiki.

## Nyeupe inageuka njano au waridi

Shangazi yangu aliniachia kabati la droo la kahawia iliyokolea, zito kama mzigo wa mawe, nami nikalitaka jeupe. Mkono wa kwanza wa rangi ya maji ulikauka jioni ukiwa safi kabisa. Asubuhi kulikuwa na mawimbi ya waridi mlango mzima, kama mtu aliyemwaga juisi ya zambarau akaifuta kwa kitambaa kichafu. Nikapaka wa pili. Asubuhi, waridi. Wa tatu, waridi, sasa na njano pembeni. Mkono wa nne niliupaka kwa hasira, na hasira haizibi doa.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Mbao za rangi nzito, mkangazi, mninga, msaji, mwaloni, zina tanini na rangi za asili zinazoyeyuka kwenye maji. Rangi ya maji inapogusa mbao, maji yake yanaziyeyusha, na yanapopanda juu kukauka yanapanda nazo. Kila mkono unaoongeza unalowesha upya na kuvuta tena. Nilikuwa ninachota doa kwa ndoo yangu mwenyewe.

Dawa ni kuziba kwa kitu ambacho maji hayakiyeyushi: shelaki, au praima ya mafuta iliyotengenezwa kuzuia madoa. Mimi nilipaka shelaki mikono miwili myembamba juu ya ile rangi iliyochafuka. Inakauka chini ya saa moja. Nikarudisha nyeupe. Doa halijarudi.

Lakini si kila doa ni tanini, na umbo lake hukutofautishia. Likifuata mistari ya nyuzi, ni tanini. Likiwa duara la njano linalorudi mahali pale pale, chini kuna fundo la mbao linalotoa utomvu, hasa kwenye msonobari. Shelaki tena, ila kwanza kwangua utomvu uliogandana. Vidoa vyeusi vilivyozunguka misumari ni chuma kimekutana na tanini na unyevu. Ng'oa msumari au uuzamishe, uzibe kwa puti. Vidoa vya kijivu au vyeusi vilivyotapakaa kwenye kona vinaweza kuwa ukungu. Gusa kimoja kwa tone la dawa ya kupaushia nguo: kikififia ndani ya dakika moja au mbili, ni ukungu, na unapaswa kuuliwa na kukaushwa kabla ya rangi. Dawa hiyo usiichanganye na siki wala amonia, hata kidogo.

## Vishimo vidogo, kama rangi inakimbia

Unapaka, na mbele ya macho yako rangi inajitenga na kuacha viduara, kila kimoja na kitovu chake. Mafundi huviita macho ya samaki. Chanzo karibu siku zote ni silikoni kutoka kwenye polishi ya kupuliza iliyotumika miaka mingi kung'arisha samani hiyo. Kiasi kisichoonekana kinatosha kuifukuza rangi.

Acha kupaka hapo hapo. Futa rangi ikiwa mbichi. Osha kwa sabuni, kisha kwa tapentaini mara mbili au tatu, kila mara kwa kitambaa kipya. Ukirudia kitambaa kile kile unaisambaza. Halafu funika kwa shelaki isiyo na nta, nyembamba, iwe ukuta kati ya silikoni na rangi yako. Na usipulize polishi ya aina hiyo kwenye chumba unachopakia rangi. Inasafiri hewani.

## Imekauka lakini inanata

Hapa kuna maneno mawili ambayo makopo ya rangi huyachanganya: kukauka na kukomaa. Rangi ya maji inaweza kuwa kavu kwa kidole baada ya saa moja, lakini kukomaa, yaani kuwa ngumu kiasi cha kubeba vitu, huchukua wiki kadhaa, mara nyingi mpaka siku 30. Ukiweka chombo cha maua siku ya tatu, kitajichapa. Ukifunga mlango wa kabati siku ya pili, utashikana na fremu, na ukiufungua utang'oa rangi pande zote mbili. Hilo si kosa la rangi.

Ila kama wiki mbili zimepita na kiganja bado kinashikwa, tafuta moja ya haya. Ulipaka mnene: juu pamefunga ngozi, chini bado ni uji. Bonyeza kwa ukucha mahali pa siri. Ukiacha alama ya kina, ndiyo hiyo. Au uliweka mkono wa pili kabla ya wa kwanza kukauka. Au hewa ilikuwa na unyevu mwingi, au baridi ya chini ya nyuzi 10. Au chini kuna nta ambayo rangi imeinywa. Au hukukoroga kopo vizuri, na kile kikaushio kimebaki kimelala chini.

Baridi na unyevu dawa yake ni feni, dirisha wazi na subira. Unene wakati mwingine huponyeka kwa njia hiyo hiyo, polepole mno. Nta haiponyeki kwa kusubiri, kwangua. Na usinyunyize poda ya mtoto kuficha mnato. Nimeona ushauri huo ukitembea sana. Unachopata ni rangi inayonata yenye poda.

Kwa mafuta ya kitani, mnato una sababu moja kubwa: hukufuta ziada. Mafuta yanapakwa, yanaachwa dakika 15 hivi, kisha yanafutwa yote yaliyobaki juu, mpaka uone kama umepoteza muda. Vitambaa ulivyofutia usivikunje na kuvitupia kwenye kona. Mafuta hayo yanapokauka hutoa joto, na kitambaa kilichofinyangwa hulihifadhi mpaka kinawaka chenyewe bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vizamishe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.

## Alama za brashi, machozi, chembechembe

Haya ni mepesi. Alama za brashi: unarudia rudia pale pale wakati rangi imeanza kukaza. Paka, sawazisha mara moja kwa kufuata nyuzi, ondoka. Siku ya joto kali ongeza maji kidogo kwenye rangi ya maji, usizidi kiasi kilichoandikwa kwenye kopo. Machozi yanayochuruzika kwenye pembe: brashi imebeba rangi nyingi, acha yakauke kabisa, yakate kwa wembe, sugua, gusia. Ukiyafuta yakiwa nusu nusu unapata kovu. Chembechembe: vumbi. Sugua kwa msasa 220, futa, na safari hii nyunyiza maji sakafuni kabla ya kuanza. Mapovu: umetikisa kopo kama dawa ya kikohozi badala ya kukoroga, au umekimbiza rola.

## Kiti kinayumba

Msumeno uuweke mbali kwanza. Kuna watuhumiwa watatu: sakafu, mguu, na kiungo.

Tazama ni mguu gani unaning'inia. Zungusha kiti robo duara, kikae na sakafu ile ile. Mguu ule ule ukiendelea kuning'inia, tatizo ni la kiti. Ukining'inia mwingine, tatizo ni la sakafu na kiti hakina hatia. Sasa shika miguu miwili iliyo jirani, ibane na kuiachia huku ukiangalia pale inapokutana na ubao wa kiti. Ukiona mstari unafunguka na kufunga kama mdomo, kiungo kimelegea, na ukikata miguu utakuwa umekata kipimo kinachobadilika kila mtu anapokaa. Nimewahi kufanya hivyo na stuli. Ilipotulia ilikuwa fupi mno kwa meza yake.

Kiungo kilicholegea hakiponi kwa gundi ya kumiminiwa juu juu. Gundi nyeupe ya mbao inashika mbao, haishiki gundi ya zamani. Lazima ulimi, ile ncha ya mbao iliyochomekwa, utoke kwenye tundu lake. Kama kiti ni cha zamani sana, huenda kimeunganishwa kwa gundi iliyochemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na hiyo inalegea kwa maji ya moto au siki ya uvuguvugu: dondosha kwenye kiungo, subiri, gonga taratibu kwa nyundo ya mpira au nyundo iliyovishwa kitambaa. Tia alama kila kipande kabla ya kukitoa, kushoto, kulia, mbele, nyuma. Viungo vya zamani vilikatwa kwa mkono na kila ulimi unajua tundu lake tu.

Kwangua gundi ya zamani pande zote mpaka uone mbao. Jaribu kuunganisha bila gundi. Ulimi ukicheza ndani ya tundu, ubandike ganda jembamba la mbao, likauke, ulisawazishe mpaka uingie kwa kusukumwa na kiganja. Ndipo gundi, ndani ya tundu na juu ya ulimi. Kama huna klampu, zungusha kamba mara mbili kuzunguka miguu, pitisha kijiti katikati ya nyuzi hizo, kisokote mpaka kamba ikaze, ukizuie kwenye mguu kisirudi. Kabla hujaondoka pima kutoka pembe hadi pembe, mlalo mmoja na mwingine. Vipimo vikilingana, kiti kimenyooka. Visipolingana, bana kidogo mlalo mrefu. Kiache kikiwa kimesimama mahali tambarare, kwa saa 24 bila kukaliwa.

Na misumari? Msumari kwenye kiungo cha kiti unafanya kazi miezi michache, kisha unakuwa egemeo la kupasulia ulimi. Viti vingi nilivyoshindwa kuviokoa vilikuwa vimeokolewa kwanza na msumari.

Ikithibitika kwamba viungo ni imara na mguu ndio mfupi, bandika kipande cha ngozi au kitambaa kizito chini yake. Kukata mitatu ili ifuate mmoja ni hatua ya mwisho kabisa.

## Droo zinakwama baada ya kupakwa rangi

Umepaka pande za droo na njia zake. Rangi mikono mitatu, pande zote mbili, inatosha kula nafasi yote iliyoachwa na seremala. Njia za droo na kingo zinazosuguana hazipakwi rangi. Sugua mpaka mbao, kisha paka mshumaa mkavu au kipande cha sabuni.

Kama hukupaka huko na bado inakwama, sugua chaki kwenye pande za droo, isukume ndani, ivute. Pale chaki ilipofutika ndipo inaposhika. Punguza hapo tu, kwa msasa au randa. Fanya hivyo majira makavu ukiweza: mbao hutanuka kwa upana wake hewa ikiwa na unyevu, na karibu haibadiliki kwa urefu. Droo uliyoichonga sana msimu wa mvua itapwaya kiangazi.

Kuna droo nyingine inayoingia vizuri upande mmoja huku kona moja ikitokeza. Hiyo si shida ya droo. Zunguka nyuma ya kabati. Ule ubao mwembamba wa mgongoni, ambao kila mtu anaupuuza, ndio unaolishikilia kabati zima lisiinamie upande. Misumari yake ikilegea, kabati linalala kidogo, na tundu la droo linakuwa si mstatili tena. Pima milalo miwili ya mbele, sukuma kabati mpaka ilingane, kisha kaza ubao wa mgongoni kwa skrubu. Mara nyingi droo zote zinapona kwa pamoja, na bawaba za mlango nazo zinaacha kulalamika.

## Vinia imevimba au imetoboka

Vinia ni ganda jembamba la mbao lililobandikwa juu ya ubao. Gonga kwa ukucha. Sauti ikiwa ya utupu, imeachia. Kwa samani ya zamani jaribu pasi ya joto la wastani juu ya kitambaa cha pamba kibichi kidogo, sekunde chache chache, kisha weka uzito mpaka ipoe. Kama gundi ni ile ya wanyama, inayeyuka na kushika upya. Isiposhika, chana kwa wembe kufuata nyuzi, ingiza gundi kwa bomba la sindano, sambaza kwa kidole, funika kwa karatasi ya nailoni ili uzito usinase, weka vitabu vizito usiku mzima.

Kutoboka ni kosa la msasa. Vinia nyingi za leo hazizidi nusu milimita. Chora mistari ya penseli uso mzima kabla ya kusugua. Mistari ikifutika, acha. Rangi ya mbao ikibadilika ghafla mahali pamoja, umeshachelewa, na kilichobaki ni kupaka rangi ya kufunika badala ya vanishi.

Chipubodi iliyovimba kwa maji hairudi. Haibanwi, haikaushwi. Kata sehemu hiyo au ifunike kwa ubao.

## Unga unadondoka chini ya mguu

Vitundu vya duara vya milimita 1 hadi 2 ni njia wadudu watoboao mbao walizotokea, si walizoingilia. Kwa hiyo kitundu ni habari ya zamani. Swali ni kama ndani bado kuna funza. Weka karatasi nyeusi chini ya samani, gonga kidogo, ufute, usubiri wiki chache. Unga mpya wa rangi angavu ukijitokeza bila wewe kugonga, wamo. Usiingize samani hiyo ndani ya nyumba karibu na nyingine.

Kipande kidogo, stuli au droo, kikiingia kwenye friza, kifunge kwenye nailoni na ukiache kwa nyuzi 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Kikubwa kinahitaji dawa ya mbao, ipakwe kwenye mbao tupu na kuingizwa kwenye vitundu, kabla ya rangi. Rangi peke yake haiwaui. Wanaweza kukaa ndani miaka, kisha wakatoboa kupitia rangi yako mpya. Mguu ukibonyea kwa kidole, dawa haiurudishii nguvu, badilisha mguu.

## Alama ya glasi kwenye uso wa meza

Duara jeupe ni unyevu ulionaswa ndani ya vanishi, na habari yake ni njema: pasha kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa mbali, au ipitie kwa kitambaa chenye spiriti kidogo mno, mpito mmoja mwepesi. Ukikumbuka kile kipimo cha mwanzo, shelaki inayeyuka kwa spiriti, kwa hiyo mkono usitue. Duara jeusi limefika kwenye mbao. Vanishi lazima itoke.

## Harufu ya zamani haitoki

Harufu imo kwenye mbao tupu za ndani, zile ambazo hazikuwahi kupakwa chochote. Toa droo zote, zigeuze, zipige upepo na jua la asubuhi siku kadhaa. Vipande vya mkaa ndani ya kabati lililofungwa husaidia. Ikibaki, paka shelaki ndani na chini ya droo, isipokuwa njia zake. Manukato yanaongeza harufu ya pili tu.

## Vishikio vipya havikai

Kabla ya kununua, pima katikati ya tundu hadi katikati ya tundu. Vishikio vya skrubu mbili mara nyingi ni milimita 64, 96, 128 au 160. Kama chako cha zamani hakimo humo, chagua kishikio chenye bamba la kufunika matundu, au ziba kwa kijiti na gundi, sugua, utoboe upya kabla ya rangi ya mwisho. Skrubu ikizunguka bila kukaza, jaza tundu kwa vijiti vya meno vilivyochovywa kwenye gundi, vikate usawa, rudisha skrubu kesho yake.